Jinsi Mama Yangu Alivyoitwa Greedy

Wewe wa rika langu, uliyejifunza Kiingereza kwa kuitikia pamoja na darasa zima huku mwalimu akigonga ubao kwa fimbo, nipe sikio kidogo. Nataka kukueleza neno moja ambalo tayari unalijua. Huenda umelitumia wiki hii hii, ukimkemea mtoto aliyenyakua chapati ya pili kabla wenzake hawajapata ya kwanza. Hata hivyo nisikilize. Nitakwenda polepole, na pale nitakapoona sijaeleweka nitarudia.

Jirani yangu hapa Syokimau anajenga. Juzi lori lilimwaga mchanga mbele ya geti lake, mchanga wa mtoni, bado mbichi, na nilipotoka kwenda dukani harufu yake ikanikuta barabarani. Kama hukulelewa karibu na mto wa mchanga labda hujui kwamba mchanga una harufu. Unayo. Ni ya jiwe lililolowa na ya mizizi, na ndani yake kuna ubaridi fulani ambao pua inaujua kabla ya ngozi. Nilisimama pale na mfuko wangu wa sokoni mpaka mlinzi akaniuliza kama kuna kitu nimeangusha. Nikamwambia hapana, nikaenda zangu. Lakini siku nzima nilikuwa na hasira, na sikuwa nimegombana na mtu yeyote.

Kwetu ni nyuma ya vilima, upande wa Katelembo. Mto wetu haukuwa na maji ya kuonekana. Mgeni angeupita akidhani ni barabara pana iliyosahauliwa. Mvua zikija ulijaa, ukanguruma siku chache, ukabeba magogo na mara nyingine mbuzi wa mtu, kisha ukanyamaza na kubaki mchanga mtupu, mweupe, wa kuchoma nyayo. Lakini maji hayakuwa yameondoka. Yalikuwa yameingia chini, yamekaa ndani ya mchanga. Ulichimba kwa bakuli, mchanga ukaanza kuwa mweusi, kisha mzito, kisha ukasikia shimo likivuta pumzi na maji yakaanza kuingia taratibu kutoka pembeni. Ulingoja yatulie. Ya kwanza uliyamwaga, ya pili ulinawa uso, ya tatu ulikunywa. Sijawahi kunywa maji mengine yenye ladha ile, na siku hizi nanunua ya chupa.

Hayo hayakuwa maarifa ya mtu mmoja. Kila mtu alijua, hata watoto wa chekechea, kwamba mchanga ndio tangi letu. Na kila mtu alijua kwamba mahali palipokuwa na mchanga wa kina kirefu kuliko kwingine ni kwenye kona ya mto chini ya shamba letu. Mito ya wengine ilipokauka kabisa, pale palikuwa bado panatoa. Wanawake wa maboma yote ya jirani walipita kando ya nyumba yetu na mitungi yao, wakamsalimia mama, wakachota, wakarudi wakipiga domo. Mama hakuwahi kumzuia mtu. Nakuomba ulishike hilo, kwa sababu baadaye watu wote walilisahau.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe. Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa kijana mchangamfu aliyefundisha kwa mwili wake wote. Siku ya neno lile alivuta mashavu yakajaa hewa, akatoa tumbo mbele, akapita kati ya madawati akitupokonya maandazi ambayo hatukuwa nayo na kuyasokomeza mdomoni. Tulicheka mpaka mwalimu wa darasa la pili akaja kuchungulia. Kisha tukaambiwa kila mmoja atunge sentensi. Mimi nilimtaja fisi, nikapigiwa makofi.

Kwa hiyo kwangu mimi greedy ilikuwa mashavu. Ilikuwa mtu anayekula sana, na mashavu yake humsaliti. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo sijui kama nawe ulikuwa nalo. Kikamba kilikuwa lugha ya kuitiwa chakula na kutumwa kuni. Kiswahili kilikuwa cha dukani, kanisani na cha kutukanana uwanjani. Kiingereza kilikuwa lugha ya mambo ambayo watu wakubwa mahali fulani walikuwa wameyachunguza na kuyathibitisha. Mtu akiitwa mbaya kwa Kikamba, huenda aliyemwita amekasirika tu. Akiitwa mbaya kwa Kiingereza, basi ni kama daktari amempima.

Baba yangu alikuwa akifanya kazi kiwandani Athi River na kuja nyumbani mwisho wa mwezi. Kaka yake mkubwa, Anko Munyao, ndiye aliyekuwa mwanamume wa karibu nasi. Alikuwa amefanya kazi ya ofisi Nairobi kwa miaka mingi kabla ya kurudi. Alikuwa mwembamba, mashati yake yamepigwa pasi, sauti yake ya chini, na kila alipotoka Machakos mjini alipitia kwetu na mkate. Alikuwa akikaribishwa chakula, anakula vijiko viwili vitatu, kisha anaisukuma sahani upande wetu watoto. Mimi na kaka yangu Kioko tulimpenda sana. Kama ungeniuliza siku zile nani duniani hana hata chembe ya ugonjwa ule wa mashavu, ningemtaja yeye.

Siku moja alikuja na mkate kama kawaida, akakaa kwenye kiti cha baba, akaongea na mama mambo ya mvua na ya ng'ombe. Mimi nilikuwa mlangoni nikibambua mbaazi. Halafu akaingia kwenye neno lililomleta. Kulikuwa na tajiri mmoja wa malori aliyetaka mchanga. Kwingine kote ukingo wa mto ulikuwa mwinuko, lori lisingeweza kushuka. Pa kushukia palikuwa mahali pamoja tu, kupitia shamba letu hadi kwenye kona. Alisema kila boma lingepata kitu. Alisema watoto wa ukoo wangesoma. Alisema pia kwamba mchanga ni kitu cha Mungu, mvua ikinyesha analeta mwingine.

Mama aliendelea kupepeta mbaazi zake kwa muda. Kisha akamuuliza, kwa heshima kabisa, akimwita kwa jina la mwanawe, "Baba Mutua, mchanga ukienda leo, mpaka huo mwingine ukuje, maji itakaa wapi?"

Anko alicheka kidogo. Akamwambia afikirie. Mama akasema ameshafikiria. Anko akaaga, akaacha mkate mezani. Alipofika kwenye uzio wa makonge alimkuta jirani mmoja akimsubiri kwenye njia, bila shaka kusikia jibu, na mimi nilikuwa nimemfuata nyuma kumfungia kipito. Nikamsikia akisema kwa ile sauti yake ya upole, "Huyu mama ni greedy. Anataka mto akae nayo peke yake."

Nilibaki nimeshika ule mti wa kufungia. Nilikuwa nimelisikia neno lile wiki hiyo hiyo shuleni, na sasa lilikuwa limetoka kwa mtu aliyefanya kazi ofisini, mtu asiyemaliza sahani yake, akimsema mama yangu. Sikukasirika. Niliogopa, kama mtoto anayesikia watu wazima wakitaja jina la ugonjwa wa mzazi wake.

Jioni hiyo nilianza kumchunguza. Mama alipakua. Kioko akapata, mimi nikapata, mdogo wetu akapata yake kwenye kisahani cha plastiki. Kisha mama akasimama kando ya jiko, ametupa mgongo, akaanza kukwangua sufuria. Unajua mlio ule, kijiko juu ya ukoko wa ugali. Alikwangua chini, akakwangua pembeni, akazungusha, na alipogeuka kuangalia mtoto nikaona shavu lake limejaa. Ukoko ni mgumu, lazima utafunwe. Shavu lilipanda na kushuka. Mimi nikaweka kijiko chini. Ushahidi niliokuwa nikiutafuta nilikuwa nimeupata siku ya kwanza.

Ilinichukua miaka mingi kurudi kwenye picha ile na kuiangalia tena, nikaona kitu ambacho macho yangu yalikuwa yamekiruka: sahani zilikuwa tatu tu.

Neno lile lilisafiri haraka. Lilikuwa jipya, na jipya hupendwa. Wanawake ambao hawakujua hata salamu ya Kiingereza walilitamka wakitoka kanisani, wakilivuta katikati kwa ulimi wetu wa Kikamba, wakaangua kicheko. Dukani lilikuwepo. Shuleni lilinikuta kupitia msichana aitwaye Ndinda, ambaye mama yake alikuwa jirani yetu wa karibu kabisa. Aliniambia mbele ya wenzetu, tukiwa kwenye mstari wa uji, "Mwambie mama yenu atuwachie hata kikombe moja ya mto. Asimalize yote." Wote wakacheka, na wengine wakavuta mashavu kama mwalimu.

Basi mimi nikaamua kumsaidia mama. Nilimkuta mtoni anasugua masufuria kwa mchanga. Nikamwambia, "Mwaitu, ukule kidogo."

Mwaitu ndivyo tunavyomwita mama. Alifikiri nimekosea kusema, akaniuliza mara ya pili. Nikamweleza yote: akila kidogo mashavu hayatajaa, watu wataona, wataacha kumwita greedy, na Anko hatakasirika tena. Mikono yake ilisimama ndani ya sufuria.

"Nani alikwambia hii ni maneno ya chakula?"

"Mwalimu."

Alicheka bila sauti, mabega tu ndiyo yaliyotikisika. Kisha akaniuliza, "Na nikikula kidogo, lori zitarudi kwenye zinatoka?"

Nilisema ndiyo. Niliamini hivyo. Aliniwekea mkono wake uliolowa mchanga juu ya kichwa, akarudi kusugua. Tangu siku hiyo hakukwangua sufuria tena mbele yetu. Alitupakulia, akatoka nayo nje, akakaa huko. Nami nilifurahi, nikaona dawa yangu inafanya kazi.

Hapa lazima nisimame nikueleze mwethya, kama hukutoka kwetu. Ni wanawake wa mtaa mmoja wanaofanya kazi pamoja kwa zamu. Leo wote wako shambani kwako, siku nyingine wote wako kwangu. Kazi kubwa ilikuwa kuchimba yale matuta ya kuzuia udongo usibebwe na mvua, yanayoitwa fanya juu, kwa sababu unachimba mtaro na kurusha udongo upande wa juu. Mtu mmoja akijaribu peke yake mvua zitamkuta njiani. Wanawake wengi wakipanga mstari, jembe likipanda na kushuka kwa wimbo, tuta zima linaisha kabla jua halijawa kali. Mwenye shamba kazi yake ni kupika. Hakuna mkataba wala sahihi. Umekuja kwangu, nimekuja kwako, na watoto wetu wanajua hivyo.

Zamu ya mama ilikuwa imefika. Mwaka ule alikuwa amechimba kwa kila mmoja wao, mara nyingine akiwa na mtoto mgongoni. Alipika isyo, mahindi na maharagwe ya kuchemshwa pamoja, kwenye sufuria kubwa aliyoazima, na moto wake ulianza tangu mchana wa jana yake. Aliweka vitunguu. Aliweka mafuta zaidi ya yale aliyokuwa akituwekea sisi. Asubuhi alipanga viti na mikeka, akajaza mitungi, akafunika uji usipoe, akavaa gauni lake la kazi na kujifunga leso kichwani. Akashika jembe, akasimama mwanzo wa tuta akiangalia njia.

Jua likatoka. Likapanda. Kioko aliuliza kama ni leo kweli, mama akamwambia ni leo. Tukakaa. Kisha upepo ukageuka na tukasikia wimbo. Ulitoka ng'ambo ya kilima, upande wa kwa Anko Munyao. Ulikuwa wimbo wa mwethya, wa kupandisha jembe, na sauti ya anayeanzisha ilikuwa ya mama yake Ndinda. Walikuwa wamehamisha zamu kwa mke wa Anko bila kumwambia mama.

Nilimwangalia mama nikitegemea atalia au ataenda huko kuwauliza. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliinua jembe akaanza kuchimba. Kioko akachukua lingine akaingia nyuma yake. Walichimba mpaka jua likawa juu ya vichwa, na ulipokuwa ukiangalia kile kipande walichomaliza na urefu wa shamba uliobaki, uliona aibu kuendelea kuangalia.

Mchana mama akasema tule. Akatupakulia isyo kwenye sahani za wageni, mlima mlima, na tulipomaliza akatuongeza. Sijawahi kushiba hivyo utotoni mwangu. Nakwambia ukweli kwamba nilikuwa na furaha. Tumbo lilikuwa gumu kama ngoma, na nililala kwenye mkeka uliotandikiwa wageni nikisikia wimbo wao kwa mbali na kuona ni siku nzuri. Baadaye mama akajaza bakuli, akalifunika, akanituma nimpelekee mama yake Ndinda aliyekuwa amerudi nyumbani. Yule mama alifunua, mvuke ukampanda usoni. Akafunika tena, akanirudishia. "Mwambie nimeshukuru. Tumeshiba." Ndinda alikuwa nyuma yake, akiangalia bakuli mpaka nilipotoka nalo.

Iliyobaki ilichacha, tukaimwagia kuku. Na wiki iliyofuata habari mpya ikaenea, kwamba mama Kioko alipika sufuria nzima ya mwethya akaimaliza na watoto wake ndani ya nyumba. Kama kuna mtu alikuwa bado na shaka, shaka ikaisha.

Mwisho wa mwezi baba alikuja. Hakupewa nafasi hata ya kubadilisha viatu. Aliitwa kwa Anko, na mama akaitwa, nami nikaenda kwa sababu nilikuwa nimembeba mdogo wetu. Sebule ya Anko ilikuwa na makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma. Kulikuwa na chai na mkate. Wanawake wa mwethya walikaa wamepanga mstari ukutani, wamekunja mikono. Mama alipewa kigoda karibu na mlango, mimi nikakaa chini miguuni pake.

Anko aliongea vizuri. Alisema hakuna anayemchukia mama. Alisema ukoo ni mmoja. Alieleza shida za kila boma, moja baada ya nyingine, kwa huruma ya kweli, na wenye maboma wakaitikia. Alipomaliza, hata mimi niliona kwamba kitu pekee kilichosimama kati ya watu wale na maisha mazuri ni mwanamke aliyekaa kwenye kigoda.

Mama akaambiwa aseme. Alisema maneno machache. "Mwenye mtungi apite. Sijawahi kataza mtu, hata usiku. Mwenye lori asipite. Yangu ni hayo."

Halafu wote wakamgeukia baba. Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono yote miwili. Alikuwa amekunywa maji ya kona ile tangu utoto wake. Alijua kuliko mama. Lakini Anko ndiye aliyemsomesha, ndiye aliyemwoza mke, na maisha yake yote hakuwahi kumwambia hapana. Alikizungusha kikombe mpaka mtu mmoja akakohoa kumsaidia. Kisha akasema, akiangalia chai, "Mama Kioko, wacha kuwa greedy. Unaniaibisha."

Nilihisi goti la mama likigusa bega langu, kisha likaondoka. Alimwangalia baba, sio kwa hasira. Alimwangalia kama mtu anayejaribu kukumbuka mahali alipomwona mwenzake kwanza.

"Sawa, Baba Kioko," akasema. Akamchukua mtoto kutoka kwangu, akajifunga leso, akatoka. Anko alitikisa kichwa polepole, akaisukuma sahani yake ya mkate katikati ya meza, nusu haijaguswa.

Asubuhi yake niliamshwa na mlio wa panga. Mama alikuwa anakata uzio wa makonge ili njia ipatikane. Baba alitoka na begi lake mkononi, akataka kumsaidia. Mama akamwambia, bila kuinua kichwa, kwamba atachelewa gari. Baba akasimama kidogo, akaenda.

Malori yakaja. Sisi watoto tuliyashangilia, sina sababu ya kukuficha. Tulikimbia nyuma yake, tukajifunza majina ya madereva, tukapewa kubonyeza honi. Vijana walivua mashati wakapakia kwa sepeto kutwa nzima. Njia ya lori ilipita juu ya lile tuta ambalo mama na Kioko walikuwa wameanza. Kila boma lilipata kitu kidogo, kikaisha kama kilivyokuja. Kabla ya mvua, kona ya mto ilikuwa jiwe tupu, la kijivu, kama ufizi ulioachwa na meno. Mvua zikaja. Maji yakapita juu ya jiwe lile kama yanavyopita juu ya sakafu ya saruji, hayakusimama kumsalimia mtu. Na kiangazi kilipofika nilishuka na bakuli langu nikapiga mahali petu pa siku zote, na bakuli likakwangua mwamba. Nilijaribu hapa na pale. Kila mahali lilikwangua.

Mto mwingine wenye mchanga ulikuwa mbali. Kioko aliacha kwenda shule asubuhi ili aende na mitungi, kisha akaacha kwenda shule. Wanawake wa mwethya walianza kupita mbele ya nyumba yetu na punda, wakienda huko huko, wakirudi jua likiwa kali. Walimsalimia mama. Aliitikia. Mwaka uliofuata alirudishiwa zamu yake, akapika isyo, wakaja wote, wakala, wakaimba, wakasifu chumvi. Hakuna aliyesema pole. Nilingoja kusikia angalau mmoja akisema lile neno halikuwa la kweli, sikusikia. Nimekuja kugundua kwamba watu hawalirudishi neno kama lile. Wanaacha kulitumia tu, na anayebaki nalo ni yule aliyeitwa.

Anko Munyao alijenga nyumba ya mabati mapya na kununua tangi kubwa la maji ya mvua. Mfereji wake ulikuwa na kufuli. Aliendelea kula vijiko viwili vitatu mpaka mwisho wa maisha yake, na kwenye mazishi msemaji alisimama akasema marehemu hakuwa mtu wa tamaa, kwamba sote tulimwona mezani. Watu walikubali kwa vichwa. Mama alikuwa nyuma ya nyumba na wanawake wengine, akiosha sahani kwa maji yaliyoletwa na punda.

Sasa nikueleze neno, kama nilivyokuahidi. Kiswahili kina mlafi, anayekula kupita kiasi. Kina mchoyo, asiyetoa. Kina mwenye tamaa, anayetaka kisicho chake. Greedy inaweza kuwafikia wote watatu, na shuleni tulifundishwa wa kwanza tu kwa sababu ndiye anayechekesha na kuigizika. Ukitaka kulipima sawasawa, usianze na kiasi ambacho mtu anakula. Anza na kile anachotaka, kisha angalia kitatoka kwa nani. Mama alitaka maji yabaki mahali ambapo kila mtu angeyachota. Ukikaa na jambo hilo utaona halikuwa na ulafi, wala uchoyo, wala tamaa. Lakini neno halikutumwa kwake kwa sababu lilimfaa. Lilitumwa kwa sababu alikuwa ameshika kitu ambacho wengine walikuwa wanakitaka, na lilikuwa njia ya haraka ya kumfungua vidole.

Mama yuko hai. Huja kukaa nasi hapa Syokimau baridi ikizidi huko kwetu. Wanangu wanampenda. Tukiandaa chakula anatupakulia yeye, hakubali mwingine ashike mwiko, na tukishakaa anachukua sahani yake ndogo anaenda jikoni na kurudisha mlango. Wanangu wanadhani ni desturi ya wazee. Nimemwambia mara nyingi aje akae nasi mezani. Huniambia, "Kuleni tu. Mimi nitakula baadaye." Mara moja nilimfuata nikamkuta amesimama, ameutupia mlango mgongo, anatafuna polepole. Aliponiona aliacha kutafuna. Nikajifanya nimekuja kuchukua chumvi.

Mle sebuleni kwa Anko kulikuwa na watu wengi, na wote walikuwa wamekunywa maji ya kona ile. Mmoja tu angesema, ingetosha. Kwa hiyo nakuomba ufanye jambo hili, si gumu. Siku ukimsikia mtu akiitwa greedy mbele yako, muulize anayesema anataka kupata nini, na akikipata nani atakosa. Ukishapata jibu liseme kwa sauti, hapo hapo, wakati aliyeitwa bado ameketi.